Kitufe cha Kuvukia Barabara: Kinafanya Nini, na Ukibonyeze Lini

Wengi wetu tumekua tukivuka barabara kwa macho na mkono. Unaangalia, unainua mkono dereva akuone, unavuka. Penye pundamilia unaomba dereva awe muungwana, na penye foleni kubwa unamsubiri trafiki asimamishe magari. Ukihamia Leicester, Columbus au Toronto, kila njia panda ina nguzo, nguzo ina kisanduku, na kisanduku kina kitufe. Kuna anayekibonyeza mara kumi mfululizo, kuna asiyekigusa kabisa akidhani taa zitabadilika zenyewe, na kuna aliyesikia kwamba vitufe hivyo ni geresha tu. Mwongozo huu ni wa Uingereza na Marekani ya Kaskazini. Umeandikwa kwa aliyefika juzi, na kwa mwenyeji anayempokea mzazi kutoka nyumbani, mzazi ambaye kesho yake atataka kwenda dukani peke yake.

Kitufe kinazungumza na nani

Kitufe hakiwashi taa. Ukikibonyeza, ishara inakwenda hadi kwenye kabati la chuma lililosimama kando ya barabara, lile ambalo watu hulipita bila kuligeuzia macho. Humo ndani kuna kidhibiti, yaani kompyuta inayoendesha taa zote za mahali hapo. Kidhibiti kinaweka kwenye kumbukumbu yake kwamba upande huu kuna mtu anataka kuvuka. Ni kama kuandikisha jina zahanati: ukishaandikwa umeandikwa, na kurudia kutaja jina hakukusogezi mbele. Bonyeza mara moja, kwa uhakika, basi.

Baada ya hapo kidhibiti kina mambo yake ya kukamilisha. Magari yaliyopewa kijani yana muda wa chini ambao lazima yaupate, ili taa isimgeuke dereva ghafla. Kwenye taa zenye sensa, yaani vitambuzi vya magari, ziwe nyaya zilizozikwa chini ya lami au vifaa vilivyofungwa juu ya nguzo, kidhibiti hutafuta kwanza mwanya kati ya magari. Mwanya ukipatikana, kinakupa nafasi. Usipopatikana, kuna kikomo cha kusubiri, na kikifika magari yanasimamishwa hata kama yameshonana.

Mijini kuna jambo la tatu, nalo ndilo linalowachosha watu. Taa za barabara nzima huwa zimefungamanishwa. Miji mingi ya Uingereza inatumia mfumo uitwao SCOOT, uliobuniwa hukohuko katika miaka ya 1970, ambao hupima wingi wa magari na kurekebisha muda wa taa wenyewe. Hapo kivuko chako kina nafasi yake katika mzunguko. Ukiikosa kwa sekunde mbili, utangoja mzunguko uzunguke tena. Ndiyo sababu asubuhi moja mtu wa kijani anawaka papo hapo, na kesho yake, palepale, unasimama hadi miguu inachoka.

Kutokana na hayo yote linapatikana jambo moja la kufanya: bonyeza mara tu unapofika. Usianze kwanza kupanga mifuko, kumfunga mtoto kofia au kumalizia simu. Fika, bonyeza, ndipo ufanye mengine, kwa sababu sekunde unazochelewa ndizo zinazoweza kukukosesha mzunguko.

Uingereza, hatua kwa hatua

Kwanza tambua umesimama kwenye kivuko cha aina gani.

Pundamilia yenye taa za duara za rangi ya chungwa juu ya nguzo zenye mistari myeusi na myeupe haina kitufe. Usikitafute. Tangu Januari 2022 kanuni za barabarani zinamtaka dereva ampishe hata mtu anayesubiri kuvuka, na aliyekwisha kanyaga pundamilia ana haki kamili kisheria ya kupishwa. Hata hivyo hakikisha gari limepunguza mwendo kabla hujashusha mguu.

Vivuko vyenye kitufe vimepewa majina ya wanyama. Pelican ndicho cha zamani, kilianza mwaka 1969. Taa ya mtu mwekundu au wa kijani iko upande wa pili wa barabara. Mtu wa kijani akianza kuwakawaka, maana yake ni moja: aliye njiani amalize, aliye ukingoni asianze. Wakati huohuo madereva wanaonyeshwa taa ya njano inayowakawaka, na wanaruhusiwa kuondoka ikiwa kivukoni hakuna mtu. Pelican mpya hazijengwi tena, lakini zilizopo bado zinafanya kazi.

Puffin ndicho kilichochukua nafasi yake, na hiki ndicho kinachowachanganya wageni zaidi. Ukitazama ng'ambo humuoni mtu wa rangi yoyote. Taa iko upande wako, juu ya kisanduku chenye kitufe, kwenye usawa wa kifua. Imewekwa hapo kwa makusudi, ili uitazame huku uso wako umeelekea magari yanakotoka. Puffin ina sensa za aina mbili. Moja inatazama sehemu ya kusubiria: ukibonyeza kisha ukaondoka, ombi lako linafutwa na magari hayasimamishwi bure. Nyingine inawatazama waliomo barabarani: mzee akichelewa, magari yanaendelea kushikiliwa kwenye nyekundu hadi apite, mpaka kikomo kilichowekwa. Kwa hiyo kwenye puffin simama karibu na kisanduku, juu ya vigae vyenye vinundu. Ukibonyeza kisha ukarudi nyuma kujikinga mvua chini ya paa la duka, mashine inaweza kukuhesabu kuwa umeghairi.

Toucan ni ya waenda kwa miguu pamoja na waendesha baiskeli. Pegasus ni ya wapanda farasi, nayo ina kitufe cha ziada kilichowekwa juu ili mtu akifikie bila kushuka.

Ukishajua ulipo, fuata hivi.

Angalia kama neno WAIT (subiri) limewaka kwenye kisanduku. Likiwa limewaka, mtu mwingine ameshabonyeza, huna haja ya kurudia. Lisipowaka, bonyeza wewe, hata kama mmesimama wengi. Mara nyingi utakuta watu kumi wamejipanga kila mmoja akidhani mwenzake amebonyeza, na taa za magari zinabaki kijani tu.

Geuza uso kulia kwanza. Uingereza magari yanakwenda kushoto, sawa na Tanzania, Kenya na Uganda, hivyo gari la karibu nawe linatokea kulia. Anayetoka Kongo, Burundi au Rwanda amezoea kinyume chake, na hapa ndipo mwili unapoweza kumsaliti hata akiwa anajua kanuni. London wameandika kwenye lami, mbele ya miguu, uangalie upande gani. Yasome maandishi hayo kila mara, maana kuna barabara za njia moja na njia za mabasi yanayokwenda kinyume na magari mengine.

Mtu wa kijani akiwaka, hakikisha magari yamesimama, kisha anza. Huku Uingereza mtu wa kijani hawashwi wakati kuna magari yaliyoruhusiwa kupita juu ya njia yako, hata yale yanayokata kona. Ni ulinzi mzuri sana, lakini haumzuii dereva aliyepitiwa.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wazima wanapopata hofu. Mtu wa kijani anawaka muda mfupi. London mara nyingi ni sekunde 6. Muda huo ni wa kuanza kuvuka, haukukusudiwa utoshe kufika ng'ambo. Kwenye vivuko vingi vya njia panda, baada ya kijani taa inazimika kabisa, hakuna mwekundu wala wa kijani, na wakati huo magari bado yamezuiwa ili uliyemo umalize. Baadhi ya vivuko vinaonyesha namba zinazohesabu kurudi nyuma katika kipindi hicho. Mzazi asiyejua hili akiona kijani kimezimika akiwa katikati, anaweza kusita au kugeuka arudi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwambie kabla: kijani kikizimika ukiwa umeshaanza, endelea kwa mwendo wako, usikimbie, usirudi. Kikizimika ukiwa bado ukingoni, usianze.

Jambo la mwisho ni kisiwa. Barabara pana hugawanywa mara mbili, na kivuko cha pili mara nyingi hakikuwekwa sambamba na cha kwanza. Unafika katikati, unatembea kidogo ndani ya uzio, kisha unavuka nusu ya pili. Hivyo ni vivuko viwili, kila kimoja na kitufe chake. Ombi la kwanza halikufikishi mwisho. Ukifika kisiwani bonyeza tena, na tazama taa ya nusu yako tu. Mtu wa kijani unayemwona mbali mbele anaweza kuwa wa watu wengine.

Marekani na Kanada: alama nyingine, hatari nyingine

Huku badala ya mtu wa kijani kuna mtu mweupe anayetembea. Mkono wa rangi ya chungwa uliotulia maana yake usivuke. Mkono unaowakawaka, kwa kawaida ukiwa na namba zinazopungua, maana yake usianze, lakini kama umeshaanza maliza. Watu wengi huona namba 9 wakakimbilia kuingia barabarani. Namba hizo zimewekwa kwa ajili ya waliokwisha kuingia.

Umuhimu wa kitufe huku ni mkubwa kuliko inavyoonekana, hasa kwenye miji midogo na vitongoji. Njia panda nyingi huendeshwa na sensa za magari. Usipobonyeza, magari ya upande unaokwenda nao yakipata kijani, mkono wako unabaki umewaka. Tena kijani hicho kinaweza kuwa kifupi mno, cha kutosha magari mawili matatu tu, kwa sababu kidhibiti hakijui kama kuna binadamu kwa miguu. Anayesema "nimeona kijani cha magari, nikavuka nacho" anaweza kujikuta katikati ya barabara ya njia sita magari ya upande mwingine yakiachiwa. Ukibonyeza, kidhibiti kinaongeza muda upate kumaliza.

Kwenye kona moja utakuta vitufe viwili. Kila kimoja kina mshale, na mshale unaelekea upande unaotaka kwenda. Tumia kimoja tu. Kubonyeza vyote viwili kwa pupa kunawasimamisha bure watu wa upande ambao huuhitaji, na hata wewe unaweza kusubiri zaidi.

Baada ya hapo ndipo penye hatari yenyewe. Tofauti na Uingereza, mtu mweupe anapowaka, magari yanayokwenda sambamba nawe nayo yana kijani, na yanaruhusiwa kukata kona juu ya kivuko chako. Sheria inayataka yakupishe, lakini dereva anayetafuta mwanya kati ya magari yanayomjia macho yake yako huko, hayako kwako. Kwa hiyo kuna magari mawili ya kuyatafuta kila unapoanza: lile linalotoka nyuma yako na kukata kulia, na lile linalokuja mbele yako na kukata kushoto. Geuza shingo, mtazame dereva. Asipokutazama, msubiri apite.

Na kuna la tatu. Katika sehemu kubwa ya Marekani gari linaruhusiwa kukata kulia hata taa yake ikiwa nyekundu, mradi lisimame kwanza. Katika jiji la New York hilo haliruhusiwi isipokuwa penye kibao kinachoruhusu, na kisiwa cha Montreal, Kanada, nako ni marufuku. Kwingineko, taa nyekundu ya gari isikufanye ulihesabu limesimama. Dereva wa namna hiyo hutazama kushoto kwake, magari yanakotoka, wakati wewe unaweza kuwa unaingia kutoka kulia. Kwa maoni yangu hii ndiyo kanuni ya kwanza ya kumfundisha mgeni, kabla hata ya kitufe.

Kwa Mtanzania na Mkenya, kumbuka pia kwamba huku magari yako kulia, kwa hiyo gari la karibu linatokea kushoto kwako.

Kuna vivuko vya katikati ya barabara, mbali na njia panda, vyenye aina mbili za taa. Cha kwanza kinaitwa HAWK, kilichoanzia Tucson, Arizona. Taa zake huwa zimezima kabisa mpaka mtu abonyeze. Kisha njano inawakawaka, inatulia, halafu taa mbili nyekundu zinawasimamisha madereva, ndipo mtu mweupe anapokuwakia. Subiri alama yako mwenyewe, usianze kwa kuona njano. Cha pili kina taa za njano tu zinazopepesa kwa kasi sana chini ya kibao. Ukibonyeza zinaanza mara moja, na hapo watu hudanganyika. Hakuna nyekundu pale. Taa hizo zinamkumbusha dereva kwamba upo. Kwa hiyo bonyeza, subiri njia ya kwanza isimame, vuka hadi mwisho wa gari hilo, chungulia njia ya pili, ndipo umalize. Gari kubwa lililosimama kwa uungwana ndilo linalokuficha usionekane na dereva wa pembeni.

Na hizo habari za vitufe vya geresha?

Zina ukweli wake. Mwaka 2004 gazeti la New York Times liliripoti kwamba kati ya vitufe 3,250 vya jiji la New York, zaidi ya 2,500 vilikuwa vimeacha kufanya kazi. Taa zilikuwa zimehamia kwenye mfumo wa kompyuta wenye muda maalumu, na kuving'oa vitufe kungegharimu fedha nyingi, vikaachwa.

Mantiki yake inaeleweka. Katikati ya jiji lenye watu kila dakika, hakuna sababu ya kusubiri ombi. Nafasi ya waenda kwa miguu huingizwa kwenye kila mzunguko. Kuna mahali pengine, Uingereza pia, ambako mchana nafasi inakuja yenyewe na usiku inatolewa kwa anayebonyeza tu. Kwa kukitazama kitufe huwezi kujua kipo katika hali gani.

Usibebe basi habari ya New York ukaitumia Leicester au Columbus. Kubonyeza kitufe kisicho na kazi hakukupotezei kitu. Kuacha kubonyeza kinachofanya kazi kunakuacha umesimama hadi uchoke uvuke kwa kubahatisha.

Wakati mmoja tu ni bora kukiacha: ukiona barabara ni tupu na umeamua kuvuka bila taa mahali sheria inaporuhusu. Kwenye pelican, ukibonyeza na kuvuka hapohapo, dakika moja baadaye magari yatasimamishwa na hakuna mtu. Kuhusu sheria yenyewe, katika barabara za kawaida za Uingereza si kosa mwenda kwa miguu kuvuka mtu mwekundu akiwa amewaka. Ujerumani ni kosa lenye faini ya euro 5. California, tangu mwanzo wa 2023, polisi hawamsimamishi mtu kwa hilo isipokuwa kuna hatari ya wazi ya kugongwa. Lakini ukiwa na mtoto, subiri taa hata barabara ikiwa nyeupe.

Chini ya kisanduku, na kubonyeza kwa muda mrefu

Ukiwa Uingereza, siku moja pitisha vidole chini ya kisanduku cha kitufe. Kwenye vingi utagusa koni ndogo yenye mikwaruzo, inayoelekea chini. Mtu wa kijani akiwaka, koni hiyo inazunguka. Asiyeona anaishika kwa vidole viwili na kujua zamu yake imefika, hata pale kelele za malori zinapofunika kila mlio, na hata kama hasikii kabisa. Ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Nottingham katika miaka ya 1980, na watu wanaoona hupita hapo miaka bila kujua kuwa ipo. Vigae vyenye vinundu vinavyopita kukatisha njia ya miguu vinamwongoza hadi kwenye kitufe hichohicho. Usiegeshe baiskeli wala kigari cha mtoto juu yake, wala usiegemee kisanduku.

Marekani vitufe vya kisasa vinatoa mlio mdogo wa taratibu ili asiyeona avipate, mshale wake umeinuka na unatetemeka wakati wa kuvuka, na mlio unabadilika kuwa wa haraka au sauti inayotaja barabara. Baadhi vina kazi ya ziada: ukishikilia kitufe sekunde moja au mbili badala ya kugusa na kuachia, unaongezewa muda wa kuvuka au mlio unapazwa. Tafuta kibao kidogo kinachosema hivyo.

Hili lina faida kubwa kwa wazee. Uingereza kwa miaka mingi muda wa kuvuka umekokotolewa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Marekani mwongozo wa kitaifa uliteremsha kiwango hicho mwaka 2009 hadi futi 3.5, sawa na mita 1.07. Chukua barabara ya mita 12. Kwa mwendo wa mita 1.2 mtu anaimaliza kwa sekunde 10. Bibi mwenye maumivu ya goti anayekwenda mita 0.8 anahitaji sekunde 15. Hizo tano za ziada hazitoki popote kama kivuko hakina sensa wala kitufe cha kushikilia. Kwa hiyo kama unaishi na mzee, tembea naye mara moja njia ya dukani na msikitini au kanisani, mpime muda kwenye kila kivuko, na umchagulie kile chenye puffin, chenye kisiwa, au chenye kuongeza muda, hata kikiwa mbali kidogo. Mfundishe pia asubiri mwanzo wa kijani kipya. Akikuta kijani kimeshawaka, akiache kiishe, abonyeze, apate muda wote tangu mwanzo.

Kitufe kikiwa kibovu

Dalili ni mbili: umebonyeza, neno WAIT halikuwaka, na mizunguko ya magari imepita miwili mitatu bila kupewa nafasi, au kitufe kimezama na hakirudi. Jaribu kitufe cha nguzo ya upande wa pili wa kivuko, vyote vinapeleka ombi kwa kidhibiti kimoja. Kisipofaa, nenda kivuko kingine.

Halafu toa taarifa. Uingereza ni kwa halmashauri ya eneo lako, na London ni kwa Transport for London. Miji mingi ya Marekani ina namba 311, na Toronto pia. Soma namba iliyobandikwa kwenye nguzo au kwenye kabati, taja majina ya barabara mbili zinazokutana, upande ulikosimama, na kilichotokea ulipobonyeza: taa haikuwaka, koni haizunguki, mlio umekatika, au muda hautoshi kufika ng'ambo. Malalamiko ya muda mfupi nayo hupokelewa, kwa sababu muda wa taa hubadilishwa kwa kurekebisha mpangilio wa kidhibiti, bila kuchimba lami.